Viotavyo Juu ya Jiwe la Bahari: Namna ya Kuvitambua

Siku hizi wako watu wengi, hasa katika Ulaya, Marekani na Japani, wafugao viumbe wa bahari majumbani mwao. Hununua tangi kubwa la kioo, hulijaza maji ya chumvi, huweka taa kali juu yake, na ndani hupanga mawe yaliyotoka katika miamba ya bahari za joto. Mawe hayo huitwa mawe hai. Jiwe lenyewe halina uhai. Ni chokaa tu, yaani mifupa ya matumbawe yaliyokufa zamani. Lakini katika matundu yake na juu ya uso wake wamo viumbe wengi, na ndio waliolipatia jina hilo.

Baada ya majuma machache mwenye tangi huona jambo la ajabu. Juu ya jiwe lililokuwa kama tupu huanza kuota vitu ambavyo yeye hakuvipanda: doa la zambarau, utando mwekundu, kundi la vitu vya mviringo kama vifungo vya shati, mrija mweupe wenye shungi. Basi huuliza: Hiki ni nini? Nikiache au nikiondoe?

Swali hilo ndilo somo letu la muhula huu. Wala si swali la watu wa mbali tu. Jamaa za viumbe hao wamo katika miamba yetu tangu Lamu mpaka Mtwara, na kila mtoto wa pwani aendaye mwambani bamvua inapokupwa hupita karibu nao. Tena, jibu la makosa laweza kuleta hasara, na pengine laweza kumtia mtu hatarini. Kwa hiyo yafaa tujifunze kutazama kabla ya kutaja jina, na kutaja jina kabla ya kutia mkono.

FAIDA YA JIWE HAI

Zamani ilikuwa vigumu sana kufuga samaki wa bahari mbali na bahari. Samaki hutoa uchafu, na chakula kisicholiwa huoza. Katika hayo hutoka amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Mwaka 1961 bwana mmoja wa Jakarta, Indonesia, jina lake Lee Chin Eng, alieleza katika gazeti la wafugaji wa samaki namna alivyofuga samaki na matumbawe pamoja. Alitumia mawe yenye uhai kutoka baharini, maji safi ya bahari, mwanga, na mapovu ya hewa. Hakuwa na mitambo mingi. Jiwe lilifanya kazi kubwa.

Kazi hiyo hufanywa na bakteria. Wale wakaao juu ya jiwe, penye oksijeni, huigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, isiyo na madhara makubwa kama yale ya kwanza. Ndani ya jiwe, ambamo oksijeni ni haba, wamo bakteria wengine wanaoigeuza nitreti kuwa gesi ya naitrojeni, nayo hutoka majini na kurudi hewani. Hivyo jiwe ni kama figo za tangi. Mtu akiogopa kila kiotacho, akalichemsha jiwe au kulikausha ili "kulisafisha", amewaua watumishi wake mwenyewe.

USIAMINI SURA PEKE YAKE

Msomaji asidhani kwamba kuvitambua vitu hivi ni kazi nyepesi. Hata mabingwa wa zamani walipotea njia.

Mwanzoni mwa karne ya 18 mtaalamu wa Italia, Marsigli, alilitia tawi la marijani katika chombo cha maji ya bahari. Aliona vitu vidogo vyeupe vikichanua juu yake, akaandika kwamba ameyaona maua ya marijani. Watu wakaridhika, kwa kuwa lenye matawi na maua bila shaka ni mti. Katika miaka ya 1720 daktari mmoja wa Ufaransa, Peyssonnel, alivitazama tena vitu hivyo kwa subira. Aliona kwamba "maua" yakisumbuliwa hujikunja, na yakiachwa kwa amani huchanua tena. Akasema kuwa hayo si maua, ni wanyama. Wakubwa wa elimu kule Paris hawakumsadiki. Réaumur, aliyekuwa mashuhuri sana, alipoisoma habari hiyo mbele ya wenzake alilificha jina la Peyssonnel, asije akachekwa. Ilipita miaka kama ishirini kabla watu hawajakubali kuwa Peyssonnel alikuwa na haki.

Habari ya pili yatoka visiwa vya Hawaii. Karibu na Hana, katika kisiwa cha Maui, wenyeji walisimuliana tangu kale juu ya bwawa moja la mwambani lenye mwani wa kufisha. Ilisemekana kwamba wapiganaji waliupaka katika ncha za mikuki yao. Mwaka 1961 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Hawaii walifika bwawani wakachukua kidogo ili kuuchunguza. Kumbe haukuwa mwani hata kidogo! Alikuwa mnyama, wa jamii ya vile vifungo nilivyovitaja juu. Mwaka 1971 Moore na Scheuer walitangaza habari za sumu yake, wakaiita palitoksini. Ni miongoni mwa sumu kali sana zitokazo kwa viumbe.

Mnaona, basi: Marsigli alimwita mnyama ua, na watu wa Hana walimwita mnyama mwani. Sura iliwadanganya wote. Aliyeipata kweli ni yule aliyeuliza, "Kitu hiki hufanya nini?"

MASWALI MATANO

Ukikiona kitu usichokijua juu ya jiwe, jiulize maswali haya, na majibu yake uyaandike katika daftari kabla ya kukipa jina.

1. Kimeota wapi, penye mwanga au penye kivuli? Mimea yote yataka mwanga. Sifongo wengi hupenda chini ya jiwe na katika mapango yake. Lakini jihadhari: matumbawe mengi na vifungo vingi hutaka mwanga pia, maana ndani ya miili yao unaishi mwani mdogo sana unaowalisha.

2. Ni kigumu au ni laini? Jaribu kwa kijiti, usijaribu kwa kidole.

3. Kikiguswa kwa kijiti, au kikipitiwa na kivuli, hufanya nini? Swali hili lashinda mengine yote.

4. Kina matundu mangapi, au minyiri ya namna gani? Tumia kioo cha kukuzia. Minyiri ni kama ile ya pweza, ila hapa huwa midogo mno.

5. Kinaongezekaje? Kichore leo, andika tarehe, kisha kichore tena baada ya juma moja na baada ya mwezi.

Tena yafaa kutazama usiku, kwa sababu wanyama wengi wa mwambani hutoka gizani. Funika kurunzi kwa karatasi nyekundu ipitishayo mwanga. Wengi wao hawauoni vizuri mwanga mwekundu, basi hawatakimbia upesi.

KUNDI LA KWANZA: VISIVYOSHTUKA

Gamba la zambarau au la waridi, gumu, lisilofutika kwa kidole. Huu ni mwani wa chokaa. Watu wengi hudhani ni rangi ya jiwe lenyewe. Chukua kipande kilichokufa na kukauka, ukitie katika siki. Utaona mapovu, kwa sababu siki huila chokaa na kutoa gesi ya kaboni. Mwani huu ni rafiki. Baharini husaidia kuyashikamanisha mawe ya mwamba yasivunjwe na mawimbi.

Vumbi la kahawia linalofutika mara moja. Hizi ni diatomu, mimea midogo isiyoonekana mmoja mmoja kwa jicho tupu, na kila mmoja umo katika ganda la silika, kitu kile kile kitumiwacho kutengeneza kioo. Huja sana katika majuma ya kwanza ya tangi jipya, kisha kwa kawaida hupungua wenyewe.

Utando mwekundu au wa zambarau, wenye ute, unaoambuka kama ngozi, nao mchana huwa na mapovu. Huu si mwani hasa, ni bakteria watumiao mwanga kama mimea. Wakizidi, ni dalili kwamba maji yana chakula kingi mno au hayatembei vizuri. Dawa ni kuondoa chanzo. Kuukwangua tu ni kazi bure, utarudi.

Gololi za kijani ziking'aa. Huu ni mwani uitwao Valonia. Ajabu yake ni kwamba gololi moja, hata ikiwa kubwa kama jicho la samaki mkubwa, ni seli moja tu! Sisi tuna seli zisizohesabika, na karibu kila moja ni ndogo hata haionekani bila hadubini.

Donge laini lenye vitundu, la manjano, jeupe, jekundu au la buluu, likikaa kivulini. Huyu ni sifongo. Ni mnyama, ingawa hujongei wala hashtuki machoni petu. Huvuta maji kwa vitundu vidogo na kuyatoa kwa matundu makubwa, akichuja chakula. Usimtoe hewani, kwa kuwa hewa ikiingia katika vitundu vyake aweza kufa.

KUNDI LA PILI: VINAVYOSHTUKA

Kifuko laini chenye vinywa viwili. Kwa mbali hufanana na sifongo, na watu wengi huwachanganya. Mguse kwa kijiti: vinywa vyote viwili hufumba. Sifongo hafanyi hivyo. Mnyama huyu huvuta maji kwa kinywa kimoja na kuyatoa kwa kingine. Na sasa mstaajabu: akiwa mchanga huogelea kama kiluwiluwi, naye huwa na kijiti laini mkiani, ambacho ndicho asili ya uti wa mgongo. Kwa hiyo kifuko hiki kisicho na kichwa ni jamaa yetu wa karibu kuliko pweza au kaa.

Mrija wenye shungi kama unyoya. Huyu ni mnyoo aliyejijengea nyumba. Pitisha mkono juu ya tangi. Kivuli kikimpata tu, shungi huingia ndani kwa ghafla. Hana madhara. Jamaa zake wengine ni wadogo sana, nao hukaa katika vigamba vyeupe vilivyojizungusha kama springi, vikishikamana na jiwe na hata na kioo.

Mrija mgumu usio na shungi, unaotoa nyuzi za ute. Huyu ni konokono aliyeacha kutembea na kuligandisha ganda lake juu ya jiwe. Hutandaza ute wake kama mvuvi atandazavyo wavu, kisha huuvuta na kuula pamoja na kilichonaswa. Wakizidi, ute wao huyasumbua matumbawe yaliyo jirani.

Shina laini la rangi ya maji ya chai, lenye minyiri mirefu iliyochongoka kuzunguka kinywa kimoja. Huyu ni anemoni aitwaye Aiptasia, na wenye matangi humwogopa kuliko wengi. Akiguswa hujivuta upesi ndani ya tundu. Minyiri yake huchoma matumbawe ya jirani. Mwenye tangi mwenye hasira huchukua kisu akamkatakata. Na baada ya siku kadhaa, palipokuwa na mmoja pana watano, maana kipande kidogo cha unyayo wake kikibaki hukua na kuwa anemoni mzima. Huyu hupunguzwa kwa kuwaleta adui zake wa asili, kama vile kamba wadogo fulani wamlao.

Vifungo vya mviringo vilivyokaa pamoja, kila kimoja kikiwa na minyiri mifupi pembeni kama pindo la kitambaa. Vikiguswa hufumba kama ngumi. Mara nyingi rangi zao hupendeza sana. Hawa ndio jamaa wa yule "mwani" wa Hana.

Kikombe kigumu chenye minyiri juu na vibati vyembamba ndani, vilivyopangwa kama spoki za baiskeli. Hili ni tumbawe changa. Nyama yake ikijikunja, utaiona mifupa yake chini. Anemoni na vifungo hawana mifupa ya namna hiyo, basi hapo ndipo pa kuwatenga. Mwenye kumpata mgeni huyu amepata bahati.

HATARI YA VIFUNGO

Si vifungo vyote vyenye sumu kali, lakini kwa macho tu huwezi kujua vipi vinayo na vipi havina. Kwa hiyo vyote vipewe heshima moja. Katika nchi kadhaa, Marekani na Uingereza zikiwamo, watu wamelazwa hospitali kwa sababu walilichemsha jiwe lenye vifungo, au walilimwagia maji ya moto, au walilisugua kwa brashi wakavuta hewani matone yaliyorushwa. Wengine waliumia macho, wengine sumu iliingia kwa kidonda cha mkononi.

Kanuni ni hizi: Usichemshe jiwe la bahari kamwe. Usilisugue likiwa nje ya maji. Usishike vifungo bila glavu, wala usipanguse macho kabla ya kunawa. Mtu akipata ladha ya madini kinywani, homa, maumivu ya misuli au shida ya kupumua baada ya kazi hiyo, apelekwe hospitali upesi, na mganga aelezwe waziwazi kwamba mgonjwa alishika viumbe wa bahari.

USIMWAGE USICHOKIJUA

Iko hatari nyingine, nayo ni ya bahari yenyewe. Mwaka 1984 mwani wa kijani wa bahari za joto, Caulerpa taxifolia, ulionekana umeota katika Bahari ya Kati, chini kabisa ya Jumba la Makumbusho la Bahari la Monaco, ambalo lina matangi ya samaki. Wakati huo ulikuwa kiasi cha mita moja ya mraba. Uliachwa, ukaenea pwani za nchi kadhaa, na haukuweza kung'olewa tena. Mwaka 2000 mwani huo ulionekana katika California. Huko hawakungoja, waliufunika kwa mahema ya plastiki na kuutilia dawa, na mwaka 2006 wakatangaza kuwa umekwisha. Tofauti iko wapi? Wale wa California waliutambua mapema. Kwa hiyo maji ya tangi, mawe yake na mimea yake visimwagwe baharini wala katika mfereji wa kwenda baharini.

KAZI YA LIKIZO

Ninyi mtakaokwenda kwenu pwani, ulizeni wazee wavuvi siku za bamvua, mwende mwambani pamoja na mtu mzima ajuaye saa za maji kujaa. Vaeni viatu. Chagueni dimbwi moja tu, mkae kimya karibu nalo kwa nusu saa. Mtazame, mchore, mjibu maswali matano. Jiwe mkiligeuza, lirudisheni lilivyokuwa, kwa kuwa wakaao chini yake watakufa kwa jua. Msichukue kitu. Katika hifadhi za bahari, kama zile za Malindi na Watamu zilizowekwa mwaka 1968, kuchukua ni kosa. Na hata biashara ya mawe hai na matumbawe magumu kati ya nchi na nchi imewekewa vibali na mkataba wa dunia uitwao CITES. Ninyi mnaokaa bara, fanyeni kazi hiyo hiyo kwa jiwe la mtoni. Majina yatakuwa mengine, lakini maswali ni yale yale.

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hata mgeni wa juu ya jiwe apewe siku zake mbili za kutazamwa. Baada ya hapo tutajua kama ni wa kupewa jembe au ni wa kuonyeshwa mlango.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Jiwe hai lina uhai wapi, na lina kazi gani katika tangi?
2. Peyssonnel alitambuaje kwamba marijani si mti?
3. Umeona donge laini la manjano chini ya jiwe. Utafanya nini ili ujue kama ni sifongo au ni kifuko chenye vinywa viwili?
4. Kwa nini kumkata Aiptasia humwongeza?
5. Rafiki yako ataka kulichemsha jiwe lake ili viote vyote vife. Mpe sababu mbili za kumzuia.
6. Eleza kwa nini mita moja ya mraba ya mwani kule Monaco ilikuwa jambo kubwa.